Sonona kwa mfanyakazi anayekaribia kustaafu: mwongozo kwa msimamizi aliye mdogo kwake

Leja ndiyo iliyonishtua. Mtunza stoo wetu alikuwa na miaka 56, mimi 34, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsainia likizo. Tangu nimkute pale karakana, leja yake ilikuwa safi: mwandiko umelala kidogo kulia, jumla imepigiwa mistari miwili kwa rula. Ghafla nikaanza kuona palipofutwa, bolti zilizoingizwa mara mbili, siku nzima haina hata mstari mmoja. Nilipomwuliza akajibu, "Uzee huo, bosi." Nikaamini. Alipoanza kuchelewa nikamwonea huruma, nikampa likizo yake ya mwaka yote kwa mkupuo, siku 28. "Nenda kapumzike, Mzee wangu."

Alirudi amekonda, hamtazami mtu usoni. Baadaye mkewe alinieleza kwamba siku zile zote mume wake alishinda chumbani, mapazia yamefungwa, maana hapakuwa na cha kumtoa kitandani.

Ile ilikuwa sonona, ugonjwa wa kushuka moyo kwa muda mrefu, na huruma yangu ilimpokonya jambo la mwisho lililokuwa likimwamsha asubuhi. Toka hapo nimeshika msimamo mmoja, nao ndio unaoongoza mwongozo huu: mtu mzima mwenye sonona, maadamu daktari hajasema vinginevyo, asaidiwe abaki kazini. Kinachopunguzwa kiwe uzito wa kazi. Heshima yake isiguswe. Ninamwandikia zaidi msimamizi kijana, kwa sababu kumsaidia mtu anayelingana na baba yako au mama yako kuna ugumu wake, na kwa sheria nitakazotaja ninazungumzia Tanzania.

Hatua ya 1: Tambua unachokiona

Sonona ya mtu wa miaka 55 mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na mwili. Atakwambia mgongo unauma, kichwa kizito, moyo unakwenda mbio, usingizi umemkataa tangu saa tisa usiku, chakula hakina ladha. Atasema "nina mawazo" au "mwili hauna nguvu", na ukimwuliza kama ana huzuni atakataa, tena atakataa kwa dhati. Wengine hugeuka wakali: mama aliyekuwa akisuluhisha ugomvi wa ofisi nzima sasa anafoka kwa sababu ya kikombe. Wengine husahau. Kusahau huko huwatisha wenyewe kuliko kitu kingine, wakidhani akili imeanza kuwatoka, nao wanaficha.

Kazini angalia mabadiliko ya mtu ukimlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Aliyekuwa wa kwanza kufika sasa ni wa mwisho. Fundi aliyekuwa akibishana kuhusu kila injini sasa anaitikia kila kitu. Kazi ya nusu saa inachukua asubuhi nzima, kwa kuwa anaikagua mara nne. Hali hiyo ikiendelea karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, kuna sababu ya kuchukua hatua.

Andika ulichokiona kwenye daftari lako, kwa tarehe, bila kukipa jina. "Tarehe 4 hakuandika mapokezi ya mafuta." Usiandike "ana sonona". Kulipa jina ni kazi ya daktari, na daftari lenye neno hilo likionekana na mtu mwingine litamuumiza mwenzako.

Msiba ni jambo la pekee. Aliyefiwa ana haki ya kulia na kunyamaza, na hiyo si maradhi. Sheria inampa siku nne tu za malipo anapofiwa na mwenzi, mzazi, mtoto, ndugu, babu au bibi, au mjukuu. Siku nne hazitoshi hata kusafiri kwenda mkoani kuzika na kurudi, kwa hiyo uwe na huruma katika kupanga ruhusa. Ila ikiwa miezi imepita na mtu anazidi kuzama badala ya kuinuka, usiendelee kusema "bado ana msiba".

Hatua ya 2: Jua kinachomlemea mtu wa umri huo

Sonona ina sababu zake za ndani na mara nyingine huja bila sababu ya wazi. Lakini ukitaka kupanga msaada unaofaa, fahamu mazingira ya mtu anayeikaribia miaka 60, ambayo ndiyo umri wa kustaafu kwa lazima. Kwa hiari ni 55.

La kwanza ni pesa. Wengi wanafika umri huu wakiwa na mtoto chuoni, wajukuu nyumbani, nyumba iliyoishia kwenye lenta, na mkopo unaokatwa kwenye mshahara kila mwezi. Kisha kikaja kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kupiga hesabu za mafao, Julai 2022, mkupuo wa kustaafu ukapangwa kuwa asilimia 33 ya mafao. Mwaka 2024 Serikali ikafanya marekebisho ya kuupandisha, lakini mahesabu ambayo mtu aliyafanya miaka kumi nyuma akiwa na matumaini ya kumalizia nyumba yalikwisha kuvurugika. Nimewasikia watu wazima wakizungumza habari ya kikokotoo kwa sauti ya chini kama wanaozungumza habari ya mgonjwa.

La pili ni mifumo. Katika utumishi wa umma, fomu za OPRAS za makaratasi, za kupima utendaji, zimeondoka na mfumo wa PEPMIS wa mtandaoni umekuja. Mtu aliyekuwa bingwa wa kazi yake analazimika kumwomba kijana wa mafunzo kwa vitendo amwingizie majukumu yake ya wiki. Aibu hiyo ya kila wiki haionekani kwa aliyezaliwa na simu mkononi, lakini inakula.

Kuna pia mwili wenyewe. Sukari, presha, maumivu ya magoti, ukomo wa hedhi, tezi dume inayomwamsha mtu usiku mara tano. Mwenye kisukari yuko katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona kuliko asiye nacho, na sonona nayo humfanya asahau dawa za sukari. Mambo haya mawili huvutana kwenda chini.

Hatua ya 3: Zungumza naye, na uanze kama mtoto kwa mzazi

Hapa ndipo vijana wengi tunapoharibu. Tunamwita ofisini, tunakaa nyuma ya meza, tunafungua faili. Mtu mwenye miaka 57 akiitwa hivyo na mwenye miaka 30 anajua anakuja kuonywa, na atajifunga.

Mfuate wewe alipo. Chagua saa ambayo wenzake wametawanyika, mfano baada ya chai ya saa nne. Mwamkie kwanza kama unavyomwamkia mtu wa rika lake popote pale. Cheo hakifuti shikamoo. Kaa, usimsimamie. Kama wewe ni mwanamume na yeye ni mama wa makamo, au kinyume chake, huenda ni vyema umwombe mtu mzima anayemwamini awe karibu, ila mwulize yeye kwanza.

Kisha useme ulichokiona, si ulichokihukumu. Mfano:

"Mzee, nimekuja kwako kama mtoto wako, siyo kama bosi. Wiki hizi tatu nimeona haupo kama nilivyokuzoea. Juzi ulikaa stoo bila kula. Nimeona nisikae kimya. Unalalaje siku hizi?"

Swali la usingizi ni mlango mzuri. Halina aibu, na mwenye sonona karibu kila mara ana la kusema hapo. Likishafunguka, nyamaza. Akinyamaza dakika nzima, nawe nyamaza. Asipotaka kusema siku hiyo, mwambie utapita tena Alhamisi, na Alhamisi upite kweli.

Maneno ya kuepuka ni mengi na yote tunayatumia kwa nia njema. "Jikaze." "Wenzako wana shida kubwa zaidi." "Mshukuru Mungu una kazi." Anayashukuru hayo tayari, na ndiyo maana anajiona mkosaji kwa kushindwa kufurahi. Usimwambie pia kwamba ni mawazo tu yatapita. Mwambie hii ni hali ya kiafya, inatibika, na huna mpango wa kumwondoa kazini. Sentensi hiyo ya mwisho itamke waziwazi, maana hofu yake kubwa ni hiyo.

Akikwambia amerogwa, au kwamba anaombewa, usibishane. Wapo wanaopata nguvu msikitini na kanisani, na nguvu hiyo ni ya kweli. Unachoweza kusema ni, "Dua iendelee, na hospitali twende."

Hatua ya 4: Hospitali

Neno Mirembe limewaogopesha watu vizazi kwa vizazi. Hospitali ile ya Dodoma inatibu wagonjwa kwa maelfu, lakini mitaani jina lake limekuwa tusi, na mtu mzima akisikia "afya ya akili" anafikiria ukuta wa pale. Kwa hiyo mweleze kwamba anaanzia hospitali ya kawaida, kwa daktari wa kawaida, kwa malalamiko yaleyale ya usingizi na uchovu. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na huduma ya afya ya akili, na kwa kesi ngumu kuna Muhimbili, KCMC, Bugando na hiyo Mirembe.

Mhimize amwombe daktari apime pia sukari, presha, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu au tezi isiyofanya kazi vizuri humfanya mtu awe mchovu na mzito kama mwenye sonona. Macho na masikio vilevile. Nimewahi kuona mtu aliyehesabiwa amejitenga, kumbe hasikii vizuri kwenye kelele za mashine na amechoka kusema "eti?".

Daktari anaweza kumwuliza dodoso la maswali tisa liitwalo PHQ-9, lenye alama 0 hadi 27. Kuanzia 10 huchukuliwa kuwa dalili ya kufuatilia kwa makini. Wewe usimpe dodoso hilo kazini. Kuna swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru, ambalo halipaswi kuulizwa na mtu asiye tayari kulipokea jibu lake.

Kuhusu dawa, msimamizi anapaswa kujua mambo machache ili asikate tamaa mapema. Dawa za sonona, kama fluoxetine, huchukua wiki mbili hadi nne kabla mtu hajahisi nafuu, wakati maudhi yake huweza kuanza siku za kwanza. Amitriptyline huleta usingizi, mdomo mkavu na choo kigumu, na kwa mwenye matatizo ya moyo, presha ya macho au tezi dume daktari lazima aambiwe kabla. Kwa hiyo aende na orodha ya dawa zake zote, za sukari na za presha pia. Akipata nafuu asiache dawa ghafla. Kwa kawaida huendelea kwa miezi kadhaa baada ya kupona, na daktari ndiye huzipunguza. Anayeendesha forklifti au mashine ya kukatia asiiguse mpaka ijulikane dawa inamfanyaje. Pombe iachwe.

Siku ya kliniki iwe ruhusa ya kawaida, isiyoulizwa maswali getini.

Hatua ya 5: Panga upya kazi yake

Hii ndiyo sehemu yako hasa, na hakuna daktari atakayekufanyia. Kaa naye na karatasi moja. Gawa majukumu yake katika mafungu matatu: anayoyafanya bila taabu hata sasa, yanayomshinda kwa sasa, na yale anayoyapenda. Fungu la tatu lilinde kwa nguvu zako zote. Mtunza stoo wetu alipenda kuhesabu vipuri kila Ijumaa na kubandika kadi mpya kwenye rafu. Nilikuwa karibu kumpa kijana kazi hiyo ili "nimpunguzie". Ningekuwa nimempokonya siku yake nzuri kuliko zote za wiki.

Saa za kuingia. Wenye sonona wengi huwa na hali mbaya zaidi asubuhi na huchangamka kadiri mchana unavyosogea. Kama kazi inaanza saa 1:30, mruhusu aingie saa 3:00 kwa wiki nne na afidie jioni, au afidie kidogo kidogo. Mahesabu, ripoti na vikao vigumu vipange mchana. Zamu za usiku zisimamishwe kabisa, maana usingizi uliovurugika ni kuni kwenye moto huu.

Ukubwa wa kazi. "Panga stoo" ni mlima. "Rafu ya tatu, vichujio vya mafuta, kabla ya chakula cha mchana" ni kazi yenye mwisho, na mwenye sonona anahitaji kuona mwisho ili apate sababu ya kuanza jambo la pili. Mpe moja kwa wakati mmoja, kwa maandishi, maana kumbukumbu imeyumba. Usimpe kwa ujumbe wa simu saa tatu usiku.

Mwenza. Mwekee kijana mmoja wa kufanya naye kazi, lakini sababu iwe ya kweli: kijana anajifunza kutoka kwake. Mzee anajua kipuri kipi ni feki kwa kukigusa tu. Kijana anajua mfumo wa kompyuta. Wakibadilishana, hakuna anayeomba msaada. Kijana huyo asigeuzwe jasusi wa kukuletea taarifa. Siku mzee atakapogundua, umempoteza.

Makosa. Yarekebishwe faraghani, siku hiyohiyo, kwa sauti ya kawaida. Usiyataje kwenye kikao cha Jumatatu na usiyaweke kwenye kundi la WhatsApp la ofisi hata bila jina. Kila mtu atajua ni nani.

Sasa angalia mfuko wake. Ukimwondolea zamu za usiku umeondoa na posho yake, na huenda posho hiyo ndiyo ada ya mtoto. Mwulize kabla ya kubadilisha chochote. Mara nyingine suluhisho ni kazi ya ziada ya mchana Jumamosi moja kwa mwezi. Kama deni la mkopo ndilo linalomkosesha usingizi, mshike mkono mwende pamoja SACCOS au benki kuomba marejesho yapangwe upya. Wengi hawajui kwamba unaweza kuomba, au wanaona aibu kuomba peke yao.

Mpango wote huu uandikwe nusu ukurasa, uwe na tarehe ya kuupitia baada ya wiki nne, na nakala abaki nayo yeye.

Hatua ya 6: Wenzake waambiwe nini

Waambiwe kile alichokubali yeye, basi. Mkubaliane sentensi moja, kwa mfano: "Mzee ana matibabu, ratiba yake imebadilika kwa muda." Wakikuuliza zaidi, rudia sentensi hiyohiyo. Aendelee kuitwa kwenye chai, kwenye michango, kwenye harusi. Ninachokiogopa zaidi ni watu wanaoanza kumsemesha kwa upole wa hospitalini na kumnong'ona nyuma ya mgongo.

Hatua ya 7: Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya umri na ulemavu, miongoni mwa mengine. Inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Cheti cha daktari kinahitajika. Kwa hiyo usifanye nilivyofanya mimi. Siku za matibabu zisikatwe kwenye likizo ya mwaka.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri anayetaka kumwachisha mtu kwa sababu ya afya achunguze kwanza ukubwa wa tatizo, azungumze naye, na atafute njia mbadala kama kubadilisha majukumu. Ndiyo kusema karatasi yako ya nusu ukurasa ina uzito wa kisheria pia. Mtumishi wa umma aangalie vilevile taratibu za utumishi kupitia afisa utumishi wake.

Hatua ya 8: Akitaja kufa

Watu wazima husema kwa mafumbo. "Nimeshamaliza yangu." "Watoto watakuwa na amani nikiondoka." Anagawa vitu vyake, anakabidhi funguo bila kuulizwa, anamuaga kila mtu. Usicheke wala usibadilishe mazungumzo. Mwulize moja kwa moja, kwa upole: "Mzee, una mawazo ya kujiua?" Kumwuliza hakumtilii wazo kichwani, mara nyingi humpa nafasi ya kulitua.

Akikiri, asiachwe peke yake hata dakika tano, hata kwenda msalani. Funga stoo ya kemikali, sumu ya panya na viuatilifu, na mweke mbali na mashine. Mpigie mtu wa familia anayemtaja yeye. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, kwenye idara ya dharura, na wewe ubaki hadi daktari amwone. Ahadi ya "usimwambie mtu" usiitoe.

Hatua ya 9: Kurudi na kufuatilia

Kama alilazimika kupumzika, asirudi kwa kishindo. Wiki ya kwanza nusu siku, ya pili aongeze saa mbili, ya tatu siku nzima bila kazi za dharura. Siku ya kwanza uwe getini. Hakikisha kiti chake kipo palepale na kompyuta au leja yake haijapewa mtu.

Kila wiki dakika 15, siku ileile. Maswali matatu yanatosha: nini kilikwenda vizuri, nini kilikushinda, tubadilishe nini. Kazi yake ipime kwa yeye mwenyewe wa mwezi uliopita: vipuri vingapi vimeandikwa siku hiyohiyo, makosa mangapi kwenye leja. Mwonyeshe namba hizo. Sonona humwambia mtu kwamba hafai kitu, na namba aliyoiandika kwa mkono wake ni vigumu kuikana.

Akiwa mzima, muulize dalili zake za mwanzo zilikuwa zipi, aziandike. Wa kwetu aliandika tatu: kuacha kunyoa, kuacha kusikiliza taarifa ya habari, na kuamka saa tisa usiku. Tukakubaliana nikiona mbili kati ya hizo nitamwambia, naye hatakasirika.

Hatua ya 10: Miaka ya mwisho kabla ya 60

Anza miaka miwili kabla. Mwombe apate taarifa ya michango yake kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii na ahakikishe hakuna miezi iliyoruka, maana kuipigania ukiwa umestaafu ni safari ya ofisi nyingi. Mpe mwanafunzi rasmi wa kumrithi na muda wa kumfundisha ndani ya saa za kazi. Aandike anayoyajua, kwa lugha yake. Siku za kazi zipungue taratibu, ikiwa mwajiri anakubali, ili asiamke Jumatatu moja akiwa hana pa kwenda.

Mtunza stoo wetu alifika 60. Wiki yake ya mwisho alikaa na kijana wake kwenye benchi la nje, leja mapajani, akimfundisha kupiga mistari miwili chini ya jumla. Kijana alitaka kutumia kalamu ya bluu. Akamwambia apige kwa nyekundu, na apige kwa rula.